Ukucha Juu ya Dumu

12 Septemba

Sauti moja imebaki kwangu kutoka kule msituni, nayo si ya bunduki. Ni ukucha wa baba ukigonga dumu la maji, lile la lita tano. Ko. Ko-ko. Mara moja maana yake nipunguze mwendo. Mara mbili maana yake nilie.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alinishikia simu inayorekodi karibu na mdomo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukakaa juu ya dumu. Nilisema maneno aliyoniandikia mwenyewe: kaka zangu, mmelala, watoto wanasimama na nyie mmelala. Tulirudia mara sita mpaka nikalia vizuri. Tulipomaliza alinimenyea muwa, akaniita simba wake. Sikuwahi kula muwa mtamu kama ule, na hilo ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Baba ameshakufa. Mama naye alikufa, mwaka mmoja baada ya kunitorosha tukavuka mto Ruvuma kurudi huku. Mjomba Abdulrahmani alikuja kunichukua na shuleni akaniandikisha kwa jina lake, kwa sababu kwetu Wamwera mtoto ni wa ujombani; baba ni mgeni anayekaribishwa. Hapa kijijini, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Mtama, mjomba peke yake anajua nilikuwa binti wa nani. Wengine wanajua mama aliolewa mbali akarudi mgonjwa, basi.

Nimemaliza kidato cha sita, chuo kinafunguliwa Novemba. Mpaka hapo kazi yangu ni korosho. Leo jioni nilikuwa nafagia majani chini ya mikorosho nikajikuta nina furaha, furaha tupu isiyo na sababu. Ndiyo maana nimefungua daftari. Nilitaka kuona kama furaha hiyo na ile sauti vinaweza kukaa ukurasa mmoja.

13 Septemba

Tumefyeka. Mgongo.

16 Septemba

Korosho za kwanza zimeanguka, kila moja na bibo lake, lile tunda la maji. Mjomba ameokota moja akaiweka mfukoni mwa kanzu, hasemi kwa nini. Kila mwaka hufanya hivyo.

21 Septemba

Tunaokota kwa zamu, mashamba matatu: leo kwa mjomba, kesho kwa Bi Sauda jirani yetu, keshokutwa kwa Mama Restuta. Wote watatu wamefiwa na wenzi wao, hakuna mwenye mikono ya kutosha peke yake. Bi Sauda ana mwanawe mmoja, Bakary, mwenye miaka ishirini na mmoja. Mama Restuta ni Mmakonde, mtani wa mjomba, na mdomo wake haupumziki.

"Mtani, hilo wingu umelitazama tangu asubuhi. Unataka kulioa?"

"Nalisubiri lipite ndipo nianze kazi," mjomba akamjibu.

"Wamwera nyie! Wingu likija mnaingiza korosho ndani, kazi ikija mnaingia wenyewe."

"Na nyie Wamakonde bibo likianguka mnauliza kwanza limeshakuwa pombe au bado."

Bakary alicheka mpaka akamwaga ndoo.

Jioni Bi Sauda alinifundisha kusikiliza. Unachota konzi ya korosho kutoka kwenye turubai, unaitikisa karibu na sikio. Mbichi inanong'ona. Iliyokauka inasema. Alinipa konzi tatu nizitofautishe, nikapatia zote.

"Una sikio," akasema. "Mwanangu mimi namtikisia kila mwaka, anasikia pikipiki tu."

Nililala na sifa hiyo kama mtu aliyelala na chakula kizuri tumboni.

28 Septemba

Bi Sauda anataka nisome kwenye maulidi ya akina mama. Nimesema nina mafua.

"Mafua gani ya tangu mwezi wa saba?"

Baba aliita maulidi uzushi. Si kwa sababu hiyo nilikataa. Nakataa kwa sababu sauti ni kama alama ya kidole. Tangu nirudi sijawahi kuipandisha mbele ya watu. Hata darasani nilijibu kwa sauti ya chini mpaka walimu wakaniona nina maringo. Leo kwenye maulidi nilikaa nyuma nikapiga makofi. Walipofika penye kusimama wote, mama aliyekuwa anaongoza mbele akapandisha sauti, na mimi nikafungua mdomo bila kutoa kitu.

Ilikuwa siku nzuri hata hivyo. Pilau ilikuwa na ukoko.

3 Oktoba

Manyunyu. Wingu limekaa juu ya shamba la Mama Restuta tu, naye anasema ni husuda ya mjomba.

5 Oktoba

Nimekosa. Jana niliona wingu nikaogopa, nikajaza gunia na kulishona korosho zikiwa bado zinanong'ona. Gunia moja bichi likikaa linaota ukungu na kuharibu lililo jirani yake. Leo Bi Sauda alipitisha mkono juu yake, akalipiga kofi, akainamisha sikio. Hakunigombeza. Alinipa wembe nikakata mshono mwenyewe, nikalimwaga lote juani mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni.

"Kumwaga si kitu," akasema. "Utazikusanya. Ubaya ni kushona huku unajua."

10 Oktoba

Nitaandika polepole.

Leo ilikuwa zamu ya shamba la Bi Sauda. Bakary alikuwa mkorosho wa mbele yangu, amechomeka hedifoni kama kawaida yake. Alipoinama kuinua ndoo, waya ukachomoka kwenye simu, na sauti ikatoka nje.

Mwanzoni sikuitambua. Ilikuwa sauti ya mtoto wa watu, nyembamba, yenye mkwaruzo mdogo kooni. Kaka zangu, mmelala. Nilisimama na bibo mkononi. Halafu nyuma ya sauti ile, kwa mbali: ko-ko.

Nikalia.

Sikuwa na huzuni. Nataka hili liandikwe sawasawa. Sikuwa nimefikia hata kuogopa. Machozi yalitoka tu, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Miaka saba imepita na mwili wangu bado unasubiri amri.

Bakary alizima simu haraka akageuka, akaniona.

"Kumbe na wewe, Fau," akasema, na uso wake wote ukalainika. "Kila anayeisikia analia. Mimi mara ya kwanza nilisimamisha pikipiki pembeni ya barabara."

"Ni nani huyo?"

"Binti wa shekhe mmoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wameuawa wote, yeye na baba yake. Shahidi yule."

Maji ya mabibo yalikuwa yamenifika viwikoni. Nilimtazama mtu anayenipa habari za kifo changu.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna kundi kwenye simu. Usimwambie mama, Fau. Nakuamini. Mtu anayelia vile hahitaji kuelezwa."

11 Oktoba

Nimeokota. Sikula.

14 Oktoba

Amenieleza yote, tukibeba magunia. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano anakwenda Sudi, pwani. Mama yake anajua anakwenda kufanya kazi ya dagaa. Kuna mtu atampokea pale, na alfajiri ya kesho yake mashua inawapeleka kusini, ng'ambo ya Ruvuma, kwa wapiganaji wale wa msituni. Wapo watatu.

"Huko kuna nini, Bakary?"

"Hapa kuna nini? Jeshi nimeomba mara mbili, jina halikutoka. Pikipiki ya watu. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliijua kazi yake duniani, mimi na ndevu zangu naokota korosho na mama."

"Na ukifika ukakuta sivyo alivyosema?"

Alicheka kama mtu mwenye siri nzuri. "Mtoto hawezi kulia vile kwa uongo."

15 Oktoba

Mtoto hawezi kulia vile kwa uongo. Nimeiandika mara tano nyuma ya daftari.

Ningeweza kumwambia mjomba tu, wazee wamfungie. Angefungiwa wiki, angekwenda mwezi ujao, na ile sauti ingekuwa bado sikioni mwake. Anayeweza kumtoa humo ni mimi, na ili nimtoe lazima nifufuke.

Nikifufuka nitapoteza nini? Naandika: Bi Sauda kuniita "sikio langu" kila asubuhi. Chai ya tangawizi kwa Mama Restuta. Mama Restuta ana mdogo wake, Helena, aliyekimbia kutoka ng'ambo baada ya nyumba yake kuchomwa na watu wa kundi la baba. Anaishi naye, na mlango ukigongwa hutokea wa nyuma. Nimekunywa chai mezani kwa Helena tangu mwezi wa sita. Hajui nani alikuwa anakunywa.

Sikujua kwamba maisha madogo kama haya yanaweza kuwa mali mpaka nilipoona yanaweza kuchukuliwa.

17 Oktoba

Wingu. Halikunyesha.

18 Oktoba

Wingu lilelile. Nimekwenda mara mbili mpaka mlangoni kwa Bi Sauda, nimerudi mara mbili na ndoo ambayo sikuhitaji.

19 Oktoba

Mjomba na akina mama walipeleka magunia ghalani Mtama. Tulibaki Bakary na mimi kulinda korosho juani. Asubuhi nilikuwa nimechukua dumu tupu jikoni. Nililiweka katikati yetu, saa nane mchana, jua kali.

"La nini?" akauliza.

"Nyamaza usikilize."

Nikaanza. Kaka zangu, mmelala. Sikuwa nimeyatamka maneno yale kwa miaka saba, yakatoka bila kukwama hata mahali pamoja. Nikayasema kwa sauti yangu halisi, yote niliyoibania darasani na kwenye maulidi. Nikagonga kwa ukucha wangu mwenyewe: ko. Nikapunguza mwendo. Nikaendelea. Ko-ko. Nikalia. Nikanyamaza, nikafuta uso kwa kanga, macho yakakauka papo hapo. Nikagonga tena mara mbili. Nikalia tena.

Bakary alikuwa amesimama, sikumwona aliposimama.

"Umeikariri," akasema. "Umeikariri kwenye simu yangu."

"Weka yako. Usinisikilize mimi, sikiliza nyuma yangu."

Hakutaka. Kisha akataka. Aliiweka simu sikioni, nikamwona anaisikia ko-ko ya kwanza, kope zake zikacheza. Akaizima.

"Yule amekufa."

"Wamesema nimekufa kwa sababu maiti haibishani."

Nikamweleza kuhusu Haruna. Haruna alitoka Kilwa Masoko, na alipofika kambini alikuja moja kwa moja kwangu, akasema, "Mdogo wangu, nimekuja kwa ajili yako." Nilijivuna. Alinifundisha kupiga mluzi kwa jani. Mwezi wa tatu akasema anataka kurudi kwao, mama yake ni mgonjwa. Baba alisema sawa, akamsindikiza yeye mwenyewe na watu wawili. Baba alirudi. Kesho yake nilipewa ndala za kuvaa. Zilikuwa kubwa, za bluu, na gidamu ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya. Mimi ndiye niliyemsaidia Haruna kuufunga ule waya.

"Nilizivaa," nikamwambia Bakary. "Miguu ilikuwa inauma, nikazivaa. Sikuuliza. Walikuja wengi kwa sauti yangu, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza kitu."

"Muongo," akasema. "Muongo mkubwa wewe." Akalipiga dumu teke likaingia kwenye mabibo yaliyooza, akawasha pikipiki.

Niliendelea kugeuza korosho. Nilishangaa mikono ilivyotulia.

20 Oktoba

Bakary hajaja kuokota.

21 Oktoba

Hajaja. Bi Sauda anasema kalala kwa rafiki yake Mtama. "Vijana," anasema, na anatikisa konzi sikioni, na mimi nashindwa kumtazama. Ijumaa ikifika hajarudi, nitakuwa nimemficha mama huyu kitu ambacho mama yeyote anapaswa kujua. Nimejiwekea kesho. Kesho nasema.

22 Oktoba

Mvua kubwa, ya kwanza ya kweli. Ilianza tukiwa na korosho za mashamba mawili chini, na turubai moja kubwa ambalo halivutiki na watu wanne. Mjomba anaita Mola, Mama Restuta anamwita mjomba majina yote anayoyajua. Halafu pikipiki. Bakary aliiangusha njiani bila hata kuiegesha, akashika ncha ya turubai pamoja nami, tukakunja. Gunia moja tu limelowa.

Chini ya upenu, maji yakimchuruzika, alisogea karibu yangu.

"Nimeisikiliza mara kumi na moja," akasema. "Ile ko-ko ya tatu ulichelewa kulia."

"Ndiyo. Nilidhani atakasirika. Lakini akaona hiyo ndiyo nzuri."

"Nilikuwa nadhani ni mvua kwenye bati." Alikamua ncha ya shati. "Mwaka mzima, Fau. Nilidhani ni mvua tu." Kisha: "Yule wa Sudi anapiga simu. Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Kesho twende kwa mjomba."

23 Oktoba

Mjomba alitusikiliza, akavaa kofia, akamwita mtendaji wa kijiji, na wao wawili na Bakary wakaenda polisi Lindi kutoa namba ya yule mtu na majina ya wale wengine wawili. Kabla ya kuondoka Bakary alimwambia mama yake mwenyewe. Mimi nikawaambia Bi Sauda na Mama Restuta yaliyobaki.

Bi Sauda alikaa juu ya gunia.

"Kwa hiyo sauti iliyokuwa inanichukulia mwanangu," akasema, "ndiyo niliyokuwa naibembeleza inisomee maulidi."

"Ndiyo, mama."

"Na iliyomrudisha?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

Mama Restuta aliinuka. Alichukua ndoo yake akaenda kwao, na ukimya wake ulijaza shamba zima.

24 Oktoba

Mama Restuta hajaja. Ilikuwa zamu ya kwake, hatukujua kama twende. Tumekaa.

25 Oktoba

Ijumaa. Bakary yupo. Ameokota chini ya mkorosho mmoja na mama yake kutwa nzima, bila hedifoni. Mchana mjomba amerudi msikitini na habari: wale wawili wengine wamezuiwa huko Lindi, wazazi wao wako nao.

Bi Sauda asubuhi aliniita "Fauzia." Jioni alinyoosha konzi kuelekea kwangu. Nikaitikisa. "Inasema," nikamwambia. Akaimwaga kwenye gunia.

27 Oktoba

Mama Restuta alikuja na ndoo mbili.

"Mtani, hujalioa tu hilo wingu?"

"Limenikataa," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa na shukrani mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Mama Restuta akanigeukia. Hakutabasamu.

"Nimemwambia Helena. Amelia siku mbili. Leo asubuhi akaniuliza, huyo mtoto alikuwa na viatu? Nikasema sijui. Ulikuwa na viatu?"

"Sikuwa navyo, mpaka nilipopewa vya mtu."

Alinitazama miguu, muda mrefu.

"Haya. Shika ndoo hii. Tuna siku tatu za kufidia, na huyu Mmwera anasinzia amesimama."

Chai bado. Helena hajataka kuniona, na simlaumu. Lakini nimerudi nyumbani na madoa ya mabibo mpaka mabegani, na hayatoki, na sitaki yatoke.

31 Oktoba

Bakary anasema kila siku kundini mtu mpya anaiweka ile sauti, na chini yake wanaandika "amelala peponi." Namba yake bado imo; huko Lindi walimwambia asitoke.

Nilimpelekea mjomba ombi langu, nijirekodi nikiwaambia watu wale niko hai, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya kujibu. Nilitegemea anikataze kwa hofu.

"Wakitaka kukutafuta," akasema, "watakutafuta kwa baba yako. Watu wale wanahesabu mtoto kwa baba. Watakwenda kwao, watauliza koo zao, watauliza mji wao." Akageuza kikombe. "Na kule hakuna mtu. Hujawahi kuwa wa kule. Jina la kijiji usitaje, la chuo usitaje. Lako, mama yako alikupa ulitumie."

3 Novemba

Chuo kesho, basi linaondoka asubuhi. Begi limefungwa, na juu kabisa kuna mfuko wa korosho alizozibangua Bi Sauda mwenyewe.

Nimeshafanya. Saa nne asubuhi, shambani kwa Mama Restuta. Bakary alishika simu, mikono yote miwili juu ya simu, kama nilivyomwomba. Sikuandika kitu cha kusoma. Nimesema mimi ni Fauzia, ndiye yule mtoto, sijafa. Nimesema tulirudia mara sita. Nimewaambia wasikilize nyuma ya sauti, na kila mlio una maana gani. Nimesema juu ya Haruna wa Kilwa Masoko, na ndala za bluu, ili kama mama yake yu hai ajue mwanawe alitaka kurudi. Sikulia. Ni dakika tatu na kidogo.

Pembeni Bi Sauda alikuwa anatikisa korosho. Alipoona tunarekodi akataka kuacha, nikamwashiria aendelee. Anasikika mwanzo hadi mwisho.

Bakary ameituma kundini.